Jumamosi za Kupindua Mtumbwi

Kwa miaka thelathini na miwili, kila Jumamosi asubuhi, dada yangu alikuwa akipindua kusudi mtumbwi nilioutengeneza kwa mikono yangu. Aliupindua akiwa na nguo zote mwilini na viatu miguuni, kwenye maji yanayomzidi kimo, halafu anahangaika kurudi ndani bila msaada wa mtu. Akishaingia anakumba maji kwa kopo, anapiga kasia mpaka gatini, anapumzika kidogo, anarudi kuupindua tena. Mimi ni fundi seremala. Nimetengeneza milango, vitanda, madawati ya shule na majeneza, na sijawahi kuona mteja akipeleka kitanda nyumbani halafu kila wiki anakivunja ili aone kama ataweza kukiunga. Nilikuwa nikimtazama pale gatini nimekunja uso. Watu walidhani ni jua.

Lazima nieleze kazi yake, maana siku hizi imechukuliwa na mashine. Dada alikuwa msoma vipimo wa bwawa. Mji wetu wote ulikunywa maji ya bwawa lile, na idara ya maji ilitaka kujua kila siku yamepanda au yameshuka kiasi gani. Kulikuwa na vipimo vitano, mbao ndefu zilizopakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba nyeusi, zimesimikwa majini kwenye kona tano za bwawa. Barabara ilifika kwenye kimoja tu. Vinne vilivyobaki vilifikiwa kwa mtumbwi. Dada aliondoka saa moja asubuhi, akarudi kabla ya saa sita, na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki alioufunga shingoni. Alikwenda peke yake, kwa kuwa idara iliajiri mtu mmoja, si wawili. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na nasema hivyo nikijua kwamba alikuwa na mume na watoto. Shemeji mwenyewe, kinyozi mpole asiyejua kugombana, alizoea kuwaambia wateja wake kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza ni bwawa.

Mambo yalianza mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa na miaka ishirini na saba. Upepo wa ghafla ulimpindua hatua hamsini tu kutoka nchi kavu. Alikuwa amevaa jaketi la kuelea, kwa hiyo hakuzama, lakini hakujua namna ya kurudi ndani. Kila akishika ukingo na kujivuta, mtumbwi unamgeukia. Upepo ukamsukuma yeye na mtumbwi wake kuelekea katikati, akaning'inia pale saa mbili nzima, mpaka wakata nyasi wa ng'ambo walipomwona na kumfuata kwa boti yao. Nilipofika nyumbani kwake nilimkuta amekaa jikoni, amejifunga blanketi, na maji ya moto yamepoa mbele yake. Nikampa pole, nikamwambia amshukuru Mungu kwa kuwa ni mzima. Alinijibu jambo ambalo nilichukua miaka mingi kulielewa.

"Sikuogopa kufa," alisema. "Niliona aibu. Saa mbili nimeshika kitu changu mwenyewe, na sijui namna ya kukiingia."

Jumamosi iliyofuata akaenda kujifunza. Hakuwa na mwalimu. Alianza kwenye maji ya kifuani, siku isiyo na upepo, na nguo nyepesi. Aligundua kwamba kosa lake lilikuwa kujivuta kwenda juu, kama mtu anayepanda ukuta. Kumbe unatakiwa ulale kifudifudi juu ya maji, upige miguu mpaka mwili wote uwe umenyooka nyuma yako, ndipo ujisukume mbele kupita ukingo, tumbo kwanza, uangukie ndani kama gunia la mkaa. Hakuna namna ya kuingia kwenye mtumbwi uliojaa maji ukabaki na madaha yako. Alipolizoea hilo akahamia kwenye maji ya kina. Akaongeza suruali nzito, akaongeza viatu, kisha akaanza kuzitafuta siku za upepo ambazo watu wenye akili timamu wanabaki nyumbani. Alifunga madumu mawili matupu chini ya viti ili mtumbwi ukijaa maji usididimie. Alilifunga kasia kwa kamba, baada ya siku moja kurudi ndani vizuri kabisa na kukuta kasia limeshakwenda zake. Na yote aliyaandika kwenye daftari lake mwenyewe, si lile la idara: tarehe, upepo, nguo alizovaa, amejaribu mara ngapi, nini kimemkwamisha. Nimelisoma daftari hilo. Kuna ukurasa umeandikwa tu: "Suruali ya kazi. Mara sita. Nimelia kidogo."

Watu wa mjini walifurahi sana. Jumamosi asubuhi hapakuwa na mpira, basi wakawa wanakuja gatini kumwangalia yeye. Walisema mfa maji haachi kutapatapa, ila huyu ndiye wa kwanza kutapatapa kwa ratiba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hakuchoka kumkumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Dada akamjibu siku moja kwamba yeye hayavulii nguo, anayaoga nazo, kwa sababu siku bwawa litakapomtaka halitampa nafasi ya kufungua vifungo. Yule bwana akarudi kwenye misumari yake. Lakini jina la Mama Pindua lilikuwa limeshamganda, na alilibeba bila kinyongo.

Mimi ndiye niliyekuwa na kinyongo. Mtumbwi ule wa kwanza ulikuwa wa kwanza kwangu pia, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kila ulipogeuka tumbo juu mbele ya watu niliona kama natangazwa kwamba kazi yangu ni mbovu. Nilimwambia mtumbwi mzuri haupinduki. Yeye akasema wowote unapinduka, ni suala la siku tu, na kinachompa mtu uzoefu si miaka aliyokaa majini bali mara alizomwagika na kurudi. Tulibishana hivyo kwa miaka, kwake, kwangu, na kwa mama, tukirudia maneno yale yale kama watu wawili wanaovuta kamba na hakuna anayesogea.

"Fundi," aliniambia siku moja, na aliniita Fundi pale tu alipotaka kunichokoza, "wewe hujawahi hata kulowa."

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo iliniuma. Nilikuwa natengeneza mitumbwi lakini sikuwa mtu wa majini. Nilijua mbao, na ujuzi wangu ulikomea gatini.

Alipotimiza miaka hamsini niliamua kumpa zawadi ya mtumbwi mpya. Nilimpenda sana dada yangu. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa kazini, yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kwa kutumia makopo ya rangi, na sikuwahi kumwambia kwamba nampenda. Kwetu mapenzi hayasemwi, yanatengenezwa. Nilichagua mbao zilizokauka miaka miwili chini ya dari ya karakana. Kila kiungo nilikiziba kwa kalafati ya pamba na lami, si mara moja, mara mbili. Na kwa kuwa nilitaka asipinduke tena, wala wimbi lisimwingilie, nikaupandisha. Nikaongeza ubao mmoja kila upande, upana wa shubiri moja na nusu. Hakuna wimbi la bwawa lile ambalo lingeupita ukingo huo. Nikaupaka rangi ya kijani, nikavipiga msasa viti mpaka unaweza kuvilalia shavu.

Nilimkabidhi siku ya Alhamisi. Aliuzunguka mara mbili, akaupapasa, machozi yakamtoka, akasema hakuna mtu aliyewahi kumtengenezea kitu kizuri namna ile. Ijumaa akaenda nao kazini akarudi mkavu mpaka visigino. Nikavimba kichwa. Usiku huo nililala nikiwa na hakika kwamba ubishi wa miaka ishirini na mitatu nimeushinda kwa mbao mbili.

Jumamosi akaja gatini kama kawaida. Nilitegemea kwamba mtumbwi mpya angeupumzisha walau wiki moja. Akaupeleka kwenye kina, akasimama upande mmoja, akaupindua. Alipata kazi kubwa kuupindua, na hilo lilinifurahisha. Akaugeuza ukae sawa, akalala kifudifudi, akapiga miguu, akajisukuma. Mikono ilifika ukingoni. Kifua hakikufika. Akajaribu tena. Akazunguka nyuma, akajaribu kule. Mara nane, nilizihesabu. Ya tisa hakujaribu. Alijifunga kamba ya mtumbwi kiunoni akaanza kuogelea kuja gatini, akiuburuta nyuma yake, na ilimchukua karibu nusu saa. Pale gatini hakuna aliyecheka, hata yule wa misumari, na kutocheka kwao kuliniumiza zaidi.

Alipanda gatini akasimama mbele yangu, maji yanamchuruzika.

"Mdogo wangu," alisema, "umenitengenezea mtumbwi ambao maji hayaingii. Na mimi pia siingii."

Ningenyamaza yangeisha. Lakini nilikuwa nimejawa na hasira ya fundi aliyeaibishwa, nikamjibu mbele ya wote kwamba mtumbwi hauna tatizo, tatizo ni unene na uzee. Maji yakimwagika hayazoleki. Alichukua mfuko wake akaenda nyumbani. Jumatatu akarudia mtumbwi wa zamani, na ule wa kijani ukabaki umefungwa gatini kama mbuzi asiye na mwenyewe.

Hatukusemeshana miezi minne. Jumapili tulikula meza moja kwa mama, na nikitaka chumvi namwambia shemeji amwombe dada aisogeze. Shemeji alitumika kwa uaminifu, bila kucheka, akipeleka maombi ya chumvi na majibu yake, mpaka mama alipotuambia kwamba tusipojua kuombana chumvi kila mtu akale kwake. Hata hapo hatukusema. Sisi ni watu wa vichwa vigumu, tumerithi kwake yeye mwenyewe.

Kilichoninyima raha si mama. Ni ule mtumbwi wa zamani. Nilikuwa nimeutengeneza mimi, nilijua kila ubao wake, nilijua unaozea wapi na unavujia wapi. Na sasa dada alikuwa anavuka nao kila siku, peke yake, kwa sababu mpya niliompa haukumfaa. Nikawa kila inapokaribia saa sita najikuta nimesimama mlangoni mwa karakana na randa mkononi, nasubiri kumwona akipita na mfuko wake shingoni. Akipita, narudi kazini. Hanitazami, simtazami. Siku alizochelewa sikuweza kupigilia hata msumari mmoja ukanyooka.

Jumanne moja uzalendo ulinishinda. Nilijua dada yuko ng'ambo, nikachukua jaketi la kuelea, nikaenda gatini, nikaufungua mtumbwi wa kijani. Nia yangu ilikuwa mbaya, nakiri. Nilitaka kuupindua, niingie kwa mikono yangu hii inayobeba milango, halafu nikamwambie: unaona? Nikausukuma mpaka kwenye kina. Nikasimama upande mmoja, nikahangaika, ukapinduka.

Maji yalinifunika kichwa. Nilipoibuka nilikuwa nimeshayanywa, na nimesahau nilichofuata. Nikaugeuza mtumbwi kwa taabu. Kisha nikashika ukingo na kujivuta kwenda juu, kama mtu anayepanda ukuta. Ndiyo, mimi, niliyemwangalia dada yangu kwa miaka ishirini na mitatu. Jumamosi zote zile sikujifunza kitu ila kukunja uso. Nilijivuta mpaka mikono ikaisha nguvu, na ubao wangu mzuri, ule niliouongeza, ulikuwa umesimama mbele ya kifua changu kama mlinzi. Upepo mdogo ukaanza kunichukua. Gati likawa linasogea mbali. Nikaning'inia pale, nimeshika kitu changu mwenyewe, na ndipo nilipoielewa ile aibu aliyoisema jikoni akiwa na blanketi.

Dada alitokea akirudi kutoka kipimo cha pili. Aliniona kwa mbali na hakuharakisha. Alipofika karibu aliinua kasia, akauacha mtumbwi wake uelee, akaniangalia. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Nisaidie," nikamwambia. Lilikuwa neno la kwanza kwa miezi minne.

"Nitakusaidia," akasema. "Lakini jaribu mara moja kwanza. Usipande. Lala."

Nikalala. Akaniambia nipige miguu, nikapiga. Akaniambia nisitazame juu, nitazame mbele. Nilijisukuma, na safari hii kidevu changu kilifika ukingoni kabisa kabla sijateleza kurudi. Akaniuliza kama nimeona ni nini kinachonizuia. Nikasema nimekiona. Alinifunga kamba, akanivuta mimi na mtumbwi wangu mpaka gatini, akaenda kuandika vipimo vyake.

Mchana ule ule niliuburuta mtumbwi mpaka karakana, nikachukua msumeno, nikazikata zile mbao mbili. Nilikata huku natukana, na sikumbuki nilikuwa namtukana nani. Nyuma nikafunga kitanzi cha kamba cha kukanyagia, upana wa kiatu chake. Jioni nikampelekea. Nikamwambia samahani kwa neno la unene. Akaniuliza, na la uzee je? Nikasema na la uzee pia. Akacheka mpaka shemeji akatoka ndani na wembe mkononi kuja kuangalia kuna nini.

Kuanzia Jumamosi iliyofuata nikawa naingia majini pamoja naye. Nilianza kwenye maji ya kifuani, kama mtoto wa darasa la kwanza, na watu wa gatini walirudi kwa wingi maana sasa walikuwa na Mama Pindua na mdogo wake. Ilinichukua wiki saba kuingia mara ya kwanza kwenye kina. Nilipoangukia ndani, uso kwenye maji machafu ya sakafuni, pua inauma, dada alipiga kelele ya furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya harusi yake. Shemeji alikuwa anakuja na chupa ya chai na taulo, anakaa ukingoni mwa gati na kutangaza kila kitu kama mtangazaji wa mpira, nani anashambulia, nani ameotea, mtumbwi umesawazisha.

Ile ilikuwa miaka mizuri kuliko yote niliyoishi, na nayaandika haya nikijua kwamba wakati ule sikujua. Nakumbuka harufu ya mbao zilizolowa na lami iliyopata jua. Nakumbuka vidole vyetu vilivyokunjamana. Tulikuwa tukichoka tunaning'inia kila mtu upande wake wa mtumbwi uliopinduka, videvu juu ya mbao, tunapumzika na kuzungumza. Tulizungumza zaidi majini kuliko tulivyowahi kuzungumza nchi kavu. Pale ndipo aliponisimulia habari za baba, ambaye mimi simkumbuki, namna alivyokuwa akipiga mluzi akivua viatu. Ningeambiwa nichague asubuhi moja irudi, nisingechagua siku niliyooa wala siku niliyofungua karakana. Ningechagua mojawapo ya zile, yoyote ile.

Hata kazi yangu ilibadilika. Kila mtumbwi nilioutengeneza tangu hapo niliupindua mwenyewe kabla ya kumkabidhi mteja. Wateja walinuna kupewa kitu kipya kilicholowa. Niliwaambia wanune wakiwa nchi kavu.

Alipofikisha miaka hamsini na mitano, idara ilileta mhandisi mpya, bwana mwenye adabu na kalamu mbili mfukoni. Alimwita dada ofisini, akamwambia kwa heshima zote kwamba kwa umri wake si vizuri kuvuka peke yake, na kwamba amemtengea meza na mafaili. Hakuwa na nia mbaya. Lakini dada alitoka pale amepauka, akaja moja kwa moja karakana, akakaa juu ya rundo la mbao. Kisha akasimama akarudi kule kule ofisini na akanivuta niende naye.

Alimpa mhandisi sharti. Kila Jumamosi, maji ya kina, nguo za kazi. Akirudi ndani kwa majaribio yasiyozidi matatu, Jumatatu anakwenda kazini. Siku akishindwa mara tatu anaacha mwenyewe, hakuna haja ya kuitwa. Mhandisi akauliza kwa nini tatu. Dada akamweleza kwamba kwenye baridi na upepo mwili una nguvu za mara tatu, ya nne ni bahati, na bahati haiendi kazini kila siku. Mhandisi akafikiri, akakubali, lakini akataka shahidi. Dada akanionyesha mimi. Mhandisi akasema ndugu hawezi kuwa shahidi.

"Huyu alininunia miezi minne kwa sababu ya ubao," dada akamwambia. "Hawezi kunipendelea."

Mhandisi akacheka, akatoa daftari, akalipigia mistari kwa rula: tarehe, majaribio, saini ya shahidi. Nikawa naweka saini kila Jumamosi kwa miaka minne. Mara nyingi niliandika moja. Mara chache niliandika mbili. Katika miaka hiyo alipinduka kweli mara moja, kwenye kipimo cha nne, kile cha mbali kuliko vyote. Alirudi saa saba amelowa chapachapa. Nikamwuliza kulikoni, akasema amemwagika, kwa sauti ya mtu anayesema amepitia sokoni, na akanionyesha daftari la idara likiwa na namba zote tano. Nikamwuliza mara ngapi. Akasema moja. Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia kwa furaha, nikarudi nikasema ni vumbi la msumeno.

Kisha ikaja Jumamosi ninayotaka kumalizia hadithi hii. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Bega la kulia lilikuwa likimsumbua tangu mwezi uliotangulia, na kila nikimwuliza alisema amelilalia vibaya. Shemeji alikuwa na wateja wa harusi, hakuja. Watu wa gatini walishatuzoea, hawakuja tena. Mimi nilikuwa na kifua kinachokohoa, kwa hiyo siku hiyo sikuingia majini. Tulikuwa wawili tu, yeye kwenye kina, mimi gatini na daftari.

Akaupindua, akaugeuza. Mara ya kwanza mkono uliachia kabla hajafika popote. Nikasema moyoni, hiyo ni ya kupasha moto mwili. Mara ya pili kifua kilipanda ukingoni, akakaa hapo kidogo, akateleza kurudi. Ya tatu alipumzika kwanza, akalala vizuri, akapiga miguu vizuri, kila kitu alikifanya kama alivyokifanya mara elfu, akapanda mpaka tumboni. Hapo bega likakataa. Nililiona likikataa. Akaanguka kinyumenyume na kichwa chake kikazama, na kilipoibuka alishika ukingo akaegemeza shavu lake kwenye mbao, amefumba macho, anahema.

Nilikuwa nimeshika kalamu.

"Hiyo ilikuwa ya ngapi?" akauliza, bila kunigeukia.

Mpaka leo sijui kama alikuwa amepoteza hesabu kweli. Ninachojua ni kwamba niliiona ile meza na yale mafaili. Nilimwona amekaa nyuma yake Jumatatu asubuhi, mkavu.

"Ya pili," nikasema.

Aliliacha shavu kwenye mbao mpaka pumzi ikatulia. Kisha akajisogeza nyuma, akaweka mguu kwenye kitanzi, akalala, akapiga miguu, na sijui nguvu alizitoa wapi, akaingia. Tumbo, magoti, akaangukia ndani. Akaanza kukumba maji taratibu, kwa mkono wa kushoto. Nilifurahi kama mpumbavu. Kabla hajafika gatini nilikuwa nimeshaandika tatu.

Alifunga mtumbwi, akapanda, akakaa karibu yangu. Akalichukua daftari kutoka magotini mwangu, akasoma. Mimi nikatazama ng'ambo.

"Ukinidanganya hapa," akasema kwa upole, "kule kwenye kipimo cha nne nitamwuliza nani?"

Nikaanza kuongea. Nilimwambia ni mwaka mmoja tu umebaki. Nilimwambia hakuna aliyeona. Nilimwambia bega litapona, kwamba nitaupunguza ukingo tena, kwamba nitakwenda naye mimi mwenyewe kila siku na karakana nitaifunga. Aliniacha niseme yote mpaka maneno yaliponiishia na nikabaki nakohoa. Kisha akachukua kalamu, akaikata ile tatu kwa mstari mmoja, akaandika nne. Maji ya mkono wa shati lake yalidondokea karatasi, wino ukasambaa kidogo, akaupuliza mpaka ukakauka.

"Tia saini, mdogo wangu," akasema.

Nikatia. Saini ile haifanani na nyingine yoyote katika daftari lile, na dada alipolipeleka ofisini Jumatatu, mhandisi aliitazama sana, akamwuliza kama kweli hiyo ni ya mdogo wake. Dada akamwambia ndiyo, ni yake.